Safu Iliyoitwa K7

Jumatatu moja asubuhi nilimfuta mke wa pili wa mtu, na kompyuta ikaniambia kazi imekamilika, makosa sifuri.

Sikujua kwamba nimemfuta. Nilichofuta mimi kilikuwa safu moja iliyotoka kwenye programu kuukuu ya chama cha wakulima wa chai. Safu hiyo iliitwa K7, na nilikuwa nimetafuta kazi yake kwa siku mbili bila kuiona. Kesho yake, Jumanne, saa tatu na nusu, mwanamke mmoja alipanda ngazi za ofisi yetu, akasalimu, akatoa risiti mbili kwenye kopo la siagi na kuziweka mezani kwangu ubavu kwa ubavu. Alizipanga mpaka kingo zikakutana sawasawa.

"Mwanangu," akasema, huku kidole chake kikiwa juu ya namba ya risiti ya pili, "huyu ni nani?"

Kabla ya jibu langu, nieleze tulivyofika hapo.

Chama chetu ni kidogo. Wakulima wake wako kwenye vilima vya upande wa Nyamira, kila mmoja na vipande vyake vya michai kati ya migomba na nyasi za ng'ombe. Wanachuma asubuhi na kubeba majani mabichi hadi kituo cha kununulia kilicho karibu. Huko karani wa kituo anapima, na mashine ndogo inatoa risiti yenye namba ya mkulima na kilo. Jioni mkulima anapata ujumbe wa simu wenye jumla ya siku. Ofisi yenyewe iko Kisii mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku nzima tunafanya kazi huku mabati yakishushwa chini yetu, na mgeni hutambulika kwa jinsi anavyoshtuka.

Niliajiriwa kuandika upya programu ya chama. Ile ya zamani ilikuwa imebaki kwenye kompyuta moja tu, iliyokaa chini ya meza ya karani wetu wa ofisi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Karani huyu alianza kazi hapo nikiwa bado shule ya msingi. Aliijua programu ile kama mtu anavyomjua ng'ombe wake mkorofi, asimame upande gani na aguse wapi.

"Ukibonyeza hapa mara mbili inalala," aliniambia siku ya kwanza. "Bonyeza mara moja, ungoje, uende ukapike chai. Ukirudi utaikuta imemaliza."

"Kwa nini inalala?"

"Dada, hata mimi nikibonyezwa mara mbili nalala."

Nilichapisha msimbo wote, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari, kwa sababu kitu kirefu siwezi kukisoma kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa kurasa sitini na mbili. Haukuwa na kichwa wala mahali pa kupumzika. Vitu vilipewa majina kama A1, JM2, ZZ na K7, na katika kurasa zote hizo aliyeandika alikuwa ameacha maelezo matatu tu kwa lugha ya binadamu. La kwanza lilisema, "Kilo za mvua." La pili, "Hapa ni pagumu." La tatu, katikati ya ukurasa wa arobaini, lilisema, "Nimechoka. Kesho." Nililipenda hilo la tatu. Chini yake kazi ilikuwa imeendelea vizuri zaidi, mistari imenyooka, na ilionekana wazi kwamba mtu amelala akaamka.

Nilisoma nikiwa na kalamu tatu. Kijani ilikuwa ya mistari niliyoielewa, buluu ya ile niliyoikisia, na nyekundu ya ile nisiyoijua. Kila siku kijani iliongezeka. A1 ikawa namba_ya_mkulima. JM2 ikawa jumla_ya_kilo_za_wiki. Kipande kimoja cha kurasa kumi na moja, ambacho kilipima, kikajumlisha, kikachapisha na kupiga kengele bila kushusha pumzi, nilikikata vipande vidogo, kila kimoja na kazi moja na jina linaloitaja kazi hiyo. Watu wakiniuliza raha ya kazi hii iko wapi, huwaambia iko hapo. Unaingia chumba ambacho vitu vimerundikana, unakishika kimoja, unauliza ni cha nini, unakiweka mahali pake. Jioni unaona sakafu.

K7 ilibaki nyekundu. Kila mkulima alikuwa na tarakimu katika safu hiyo. Wengi sana walikuwa na 1, wengine 2, na wachache walikuwa na tarakimu nyingine ambazo sikuzifuatilia. Haikuchapishwa kwenye risiti wala kwenye orodha. Ndani ya msimbo ilionekana mara moja tu, ikibandikwa mwishoni mwa namba nyingine ili kupanga majina, na upangaji huo nilikuwa nimeubadilisha kwa njia iliyo bora. Nilimuuliza karani.

"Hiyo hujazwa tu," alisema. "Mkulima mpya akija naweka moja."

"Kwa nini moja?"

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa akiweka moja."

Basi nilipowahamishia wakulima kwenye programu mpya Jumatatu ile, nikaifuta. Halafu, kwa kuwa napenda nyumba safi, nikaandika kipande cha kutafuta wakulima walioandikishwa mara mbili. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi: jina lile lile la mwenye shamba na namba ile ile ya shamba ni mtu mmoja, kwa hivyo waunganishwe chini ya namba iliyotangulia. Kompyuta ilipata jozi thelathini na nne. Nililinganisha kilo za kabla na kilo za baada, zikalingana mpaka ya mwisho, nikatulia. Jaribio langu lilikuwa limeuliza kilo ni ngapi. Halikuuliza ni za nani.

Kinachoniuma kidogo ni kwamba mimi si mgeni. Babu yangu alikuwa na nyumba mbili. Sisi tulikuwa wa nyumba ya nyuma, na hatukukata mkungu wa nyumba ya mbele bila kuomba. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake, migomba yake na michai yake, ingawa hati ya shamba ilikuwa moja na jina juu yake moja. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Mimi nilijua, halafu nikaenda chuoni nikafundishwa kwamba jina likijirudia ni kosa la kusafishwa, nikarudi nyumbani na ufagio.

Sasa turudi kwenye zile risiti mbili.

"Ni wewe, mama," nilimjibu.

"Mimi ni hii ya Ijumaa. Hii ya jana ni ya yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

Karani akakohoa. Katika ofisi yetu karani hukohoa anapotaka ninyamaze. Kisha akainama sikioni kwangu na kunong'ona kwa sauti ambayo nadhani waliokuwa chini wakinunua misumari waliisikia: "Mke mwenza!"

Mama yule hakuona haya. Alikaa kwenye benchi la wageni akaeleza kwa utaratibu, kwa Kikisii, kama mtu aliyeeleza jambo hilo kichwani njia nzima. Mumewe alikuwa amefariki. Hati ya shamba ilikuwa bado na jina la marehemu. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ukoo ungekaa, naibu wa chifu akiwapo, ili kuweka mpaka kati ya nyumba mbili, na kaka mmoja wa marehemu alikuwa amekwisha kusema kwamba michai yote ni ya nyumba kubwa.

"Ile ya bondeni niliipanda mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza," alisema. "Walioniona nikipanda wamekufa. Hati ina jina la marehemu. Mimi nimebaki na nini? Nimebaki na namba. Nataka chama kinichapie karatasi, tangu namba ilipofunguliwa mpaka jana, wazee waione. Nilikuwa nije Jumatano. Jana nikapima, nikaona nimekuwa mtu mwingine, nikasema nisingoje."

Nilitafuta namba yake. Kompyuta ikanijibu kwa upole kwamba mkulima huyo hajawahi kuwapo.

Nilikuwa nikiiandika namba upya wakati mlango ulipofunguliwa tena. Akaingia mwanamke mrefu zaidi, mwenye kofia ya sufi, simu mkononi. Alimwona aliyekaa, akapita, akakaa kwenye ncha ya mbali ya benchi na kumtazama karani peke yake.

"Karani, mwambie huyo mtoto wa kompyuta aondoe majani ya watu kwenye simu yangu. Jana nimechuma kilo ishirini na mbili. Ujumbe unasema arobaini. Hizo kumi na nane zimetoka wapi?"

"Karani," akasema wa kwanza, akitazama dirisha, "kama kuna mtu anataka kujua kilo kumi na nane zimetoka wapi, mwambie zimetoka bondeni. Tena ni majani mawili na kichipukizi, siyo kama za watu wanaochuma mpaka kijiti."

"Mwambie mizani haijawahi kulalamika."

"Mwambie mizani haina mdomo."

"Mwambie Alhamisi wazee watasema nimekuwa nikimmeza mtu miaka yote hii. Mimi nimebatizwa. Sitaki."

Karani hakumwambia yeyote lolote. Benchi lenyewe ni la watu watatu. Nilijifunza baadaye kwamba hawa wawili hawakuwa wamesemezana moja kwa moja tangu ugomvi wa ndama aliyekula mahindi, na yule ndama alikuwa amekwisha kuwa ng'ombe, akauzwa.

Niliwaambia ukweli: kosa ni langu, nimefuta kitu nisichokijua, na Alhamisi asubuhi karatasi itakuwa tayari. Wote wawili wakanitazama, kwa mara ya kwanza wakifanya jambo moja kwa pamoja.

Kuirudisha K7 hakukuwa kazi ngumu. Nilikuwa na nakala, na kompyuta ya chini ya kitambaa ilikuwa bado na kila kitu kama kilivyokuwa Ijumaa. Ningeweza kufunga kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini ningekuwa nimerudisha tarakimu nisizozijua chini ya jina lisilosema neno, na baada yangu angekuja mwingine mwenye ufagio. Nilimuuliza karani kama aliyeandika programu ile yu hai.

"Yu hai sana," alisema. "Anauza chakula cha kuku huko Nyakoe."

Nilimkuta saa nane mchana, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, amesimama nyuma ya meza ya duka lake akimpimia mteja chakula cha vifaranga kwa kopo. Nilingoja mteja aondoke.

"Mwalimu, nimetoka kwenye chama cha chai. Nimekuja kuuliza juu ya K7."

"Bado iko?"

"Ilikuwapo mpaka jana."

Akaweka kopo chini. "Umeifuta."

"Nimeifuta."

"Wamekuja wangapi?"

"Wawili. Wa boma moja."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi una bahati, binti. Mimi ningekuwa nimehamia Kisumu."

Akanivutia gunia la pumba nikae. K7, alisema, ilikuwa kisanduku cha saba kwenye fomu ya kuandikisha mkulima, nacho kilikuwa cha nyumba. Moja ni nyumba ya kwanza, mbili ni ya pili, na aliwaambia makarani wa vituo waende hivyo mpaka nne. Wa nyumba ya tano hakuwahi kumwona. Kwa kuwa hati ilikuwa na jina la mume kwa nyumba zote, K7 ndiyo iliyokuwa ukuta kati yao.

"Kwa nini basi hukuiita nyumba?" nilimuuliza. "Au mke?"

"Wakati ule orodha zilibandikwa kwenye ukuta wa kituo. Kituo kimoja kinatazamana na kanisa. Sasa niandike 'mke wa pili' ukutani, mzee wa kanisa akipita asome? Kulikuwa na mama mmoja ndiye anaongoza kwaya."

"Lakini msimbo haubandikwi ukutani, mwalimu. Unasomwa na sisi tu."

"Na ninyi si watu?"

Nilikuwa nimekuja na hotuba yangu juu ya majina yanayosomeka, na kumbe mtu huyu alichagua jina lisilosomeka kwa makusudi, kama unavyoteremsha pazia. Nilimwambia angalau angeandika maelezo.

"Niliandika."

"Wapi?"

Akagusa kipaji chake. "Nilidhani nitakuwa pale siku zote. Wewe hudhani hivyo?"

Nilikiri kwamba mimi pia nadhani hivyo. Nikamwonyesha kwenye kipakatalishi changu jinsi kazi yake inavyoonekana sasa. Alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikitembea, kama anayesahihisha mtihani. Alipofika kwenye jumla_ya_kilo_za_wiki alisimama.

"Jina refu kama la mtoto aliyebatizwa na maaskofu wawili."

"Lakini umelielewa."

"Nimelielewa," alikubali. "Na ile ya 'Nimechoka' umeiacha?"

"Nimeiacha mpaka kesho."

Akatikisa kichwa, akaniambia siku ile hakuwa amechoka kwa kazi. Ng'ombe wake alikuwa amezaa alfajiri na kumkanyaga mguu. Alinifungia kilo mbili za chakula cha kuku. Sina kuku, lakini hakutaka kusikia.

Jumatano niliandika. Jina la safu lilinichukua saa nzima. "Mke" halikufaa, kwa sababu mama akifa namba hushikwa na mwanawe. "Familia" lilikuwa uongo, maana familia ni moja. "Tawi" lilinukia benki. Karani, aliyekuwa akila ndizi ya kuchemsha na kufuatilia kila neno, alisema, "Kwani wewe ukienda kwenu unauliza tawi lipi?" Nikaandika: nyumba. Juu yake nikaweka maelezo, kwa Kiswahili, mistari minne. Boma moja huweza kuwa na nyumba zaidi ya moja. Kila nyumba ina michai yake na namba yake. Jina na shamba vikifanana, si mtu mmoja mpaka nyumba nayo ifanane. Safu hii isichapishwe kwenye orodha yoyote ya kubandikwa.

Mstari wa nne ulikuwa wa mwalimu. Nilitaka jina liwe wazi kwa anayefanya kazi ndani, na pazia libaki kwa anayepita nje.

Kisha nikaandika jaribio ambalo lilipaswa kuwapo tangu mwanzo. Linabuni boma lisilokuwapo, mume mmoja, hati moja, nyumba mbili, na kila programu inapobadilishwa linauliza swali moja: bado ni wawili? Karani alisisitiza wapewe kilo sawa, ishirini kila mmoja, ili wasigombane.

"Karani, hawa si watu."

"Leo si watu. Jumatatu pia ulisema hivyo."

Wakapewa ishirini kila mmoja. Nikaliendesha. Wawili. Nikarudisha nyumba zote thelathini na nne mahali pake, nikapeleka kilo kumi na nane za Jumatatu bondeni zilikotoka, nikaanza kuchapisha karatasi ya yule mama. Nilipokuwa nikilinganisha rekodi yake na nakala ya zamani, mstari kwa mstari, ndipo nilipoona. Mke mkubwa alikuwa na 1 kwenye safu ya nyumba. Yeye, ambaye kwa kila hesabu alipaswa kuwa na 2, alikuwa na 9.

Nilidhani ni kosa la kidole. Nikatafuta 9 katika wakulima wote. Zilikuwa tatu, zote za wanawake, zote za kituo kimoja, kile cha chini karibu na mto. Waume zao walikuwa tofauti na mashamba tofauti. Nilimpigia mwalimu.

"Tisa?" alisema. Nilisikia kuku nyuma yake. "Hiyo si yangu. Mimi niliishia nne."

Karani wa kituo aliyejaza fomu zile alikuwa amekwisha kufa. Programu haikujali, kwake ilitosha kwamba 9 si 1, na nyumba hizo zilibaki mbili. Nikaiacha 9 ilivyo, nikachapisha karatasi. Namba yake, jina la kituo, kilo za kila mwaka, kurasa nne. Safu ya nyumba haikuwamo.

Alhamisi alikuja ofisi ikifunguliwa. Alisoma ukurasa wa kwanza wote akiwa amesimama, akaurudisha, akasema mwaka mmoja kilo zilikuwa chache kwa sababu ya mvua ya mawe, kama vile nilikuwa nimemuuliza. Aliziingiza karatasi ndani ya kifuko cha Biblia yake, akafunga zipu na kuondoka. Siku hiyo nilifanya kazi ndogo ndogo. Kila simu ya mezani ilipolia, mimi na karani tuliitazama.

Ijumaa kabla ya adhuhuri walikuja wote wawili. Wengi wa upande ule ni Wasabato, kwa hivyo Ijumaa hufanya haraka kabla Sabato haijaingia. Mke mkubwa alikuwa amebeba mkungu wa ndizi, mke mdogo amebeba chinsaga, mboga zetu chungu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Walikaa kwenye benchi lile lile. Safari hii ncha hazikutumika.

"Karani," mke mkubwa alisema, "mwambie mtoto wa kompyuta mambo yamekwisha."

Mpaka uliwekwa kwenye mstari wa mikalatusi, na michai ya bondeni ikabaki ya nyumba iliyoipanda. Mke mdogo ndiye aliyenipa habari yenyewe. Naibu wa chifu alizisoma kurasa zote nne. Yule kaka wa marehemu akasema karatasi za kompyuta zinaweza kuandika chochote, na hapo, alisema, moyo wake ulishuka, kwa sababu alijua kweli zinaweza. Kabla hajajibu, mke mwenza wake akasimama.

"Nilisema nini?" mke mkubwa akadakia, akimsahau karani kabisa. "Nilisema majani yake ni yake. Yamekaa kwenye simu yangu siku moja tu nikashindwa hata kula. Nikawaambia kama kuna mtu anayapenda, aje ayabebe yeye kichwani kutoka kule bondeni, tuone kama atafika juu."

"Yule shemeji akakaa," mke mdogo alisema.

"Alikaa juu ya kofia yake."

Karani alikuwa akipangusa macho. Nami nikaona wakati umefika wa kuuliza, kwa sababu kitu nisichokijua hunisumbua kama jiwe kwenye kiatu. Nilimwita mke mdogo kando na kumwonyesha mstari wake kwenye kioo. Nilimweleza safu ya nyumba ni nini, moja ni nani na mbili ni nani, na kwamba ni yake mwenyewe kujua.

"Na mimi?"

"Wewe una tisa, mama."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, kiganja mdomoni, halafu kwa sauti, na mke mkubwa akanyanyuka na kuja kuona kilichotokea. Alimwelekeza kwa kidole tu. Mke mkubwa akaisoma ile tarakimu, akasema "Yaa!" na kujishika kiuno. Wakaegemeana pale mbele ya meza yangu, watu wawili ambao Jumanne walizungumza kupitia karani.

"Yule karani wa kituo!" mke mkubwa alisema alipopata pumzi. "Kumbe aliandika!"

"Tisa ni nini?" niliuliza.

"Wako wangapi?" mke mdogo akauliza badala ya kujibu.

"Watatu pamoja nawe. Wengine siwezi kuwataja."

"Usiwataje. Mmoja yuko ng'ambo ya mto, nyumba yenye mwerezi."

Alikuwa sahihi. Nadhani uso wangu ulisema hivyo, maana walianza kucheka upya.

"Mama, nikilijua nitaliandika vizuri, asije mwingine akalifuta."

Alinishika mkono, mkono mkavu wenye madoa meusi ya utomvu wa chai kwenye vidole. "Mwanangu, lisifutwe. Liache vile vile."

"Ila ni nini?"

"Karani," alisema mke mkubwa, akichukua kofia yake ya sufi, "mwambie huyu mtoto hizo ndizi bado hazijaiva, azifunike kwa gunia."

Wakashuka ngazi pamoja. Niliwasikia mpaka chini, kisha mabati yakashushwa, nisisikie tena. Karani anaapa hajui. Mwalimu hunipigia mara moja moja kuuliza kama nimepata jibu, na mara ya mwisho alikuwa na makisio mawili, yote ya kijinga.

Maelezo yaliyo juu ya safu ya nyumba sasa ni mistari mitano. Wa tano unasema: "9 si kosa. Wako watatu, wote kituo cha chini. Wenyewe wanajua. Usibadilishe."